Wimbo Niliotungiwa na Bwana Tolland

Miezi michache iliyopita mwenzangu wa kazini, Mlebanoni mmoja mpole, alifungua chakula chake cha mchana kwenye chumba kidogo nyuma ya duka letu la dawa pale Al Wakrah, nje kidogo ya Doha, Qatar, na harufu ya ndimu kavu ikajaa chumba kizima. Ni zile ndimu nyeusi, ngumu kama kokoto, ambazo watu wa huku huziita lumi na kuzitia kwenye mchuzi. Niliinuka nikatoka nje kwenye joto bila hata kuchukua simu yangu. Mwenzangu alidhani tumbo limeniuma. Halikuwa tumbo. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa, mbichi vilevile.

Bwana Tolland alikunywa chai yake na lumi. Alikuwa Mwingereza, mtunzi wa muziki, ule muziki mrefu wa okestra unaopigwa na watu waliovaa suti nyeusi mbele ya watu wanaoogopa kukohoa. Msimtafute kwenye orodha ya watunzi wakubwa, hamtampata. Mimi nilipomfahamu sikujua hilo. Nilijua tu kwamba hapa duniani kuna watu wanaotunga muziki, kwamba mmoja wao anaishi nyuma ya nyumba yetu, na kwamba kati ya watoto wote wa Doha amenichagua mimi.

Wenzangu mliokulia huku mtakumbuka zile villa za Muaither, zilizokatwakatwa kwa kuta za jasi hadi nyumba ya tajiri mmoja ikakaliwa na familia tano au sita. Ukipika samaki, jirani anajua. Ukigombana, jirani anajua hata nani kashinda. Baba alishughulikia kompyuta za kampuni fulani kwa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana alilala, nasi tuliishi kwa kunong'ona. Mama alikuwa muuguzi. Awali tulikaa karibu kabisa na hospitali yake, mahali pazuri tu, mpaka siku moja aliporudi kutoka ibada ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku, akatangaza kwamba tunahama. Alikuwa amesikia kuna nafasi katika villa anamoishi yule mzee anayepigia kwaya piano. Baba akauliza ni akili gani hiyo, kuacha nyumba ya karibu tukaishi mwisho wa mji. Mama akasema kuna ua, mtoto atapata pa kuchezea. Ua wenyewe ulikuwa wa saruji tupu, na jua lake lingeweza kukaanga yai. Tukahama.

Ili Baba apate usingizi wake, Mama alipanga kwamba nikishuka basi la shule niende moja kwa moja kwa Bwana Tolland, nifundishwe piano hadi yeye atakaporudi. Chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ua, zamani kilikuwa cha dereva wa mwenye nyumba. Piano ilikuwa imemeza nusu ya chumba. Chini yake palikaa bakuli kubwa la maji, kwa sababu kiyoyozi cha Doha hukausha hewa mpaka mbao za piano zinapasuka na nyuzi zinalegea. Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kujaza bakuli lile. Nilikuwa nalibeba kutoka bombani kwa mikono miwili, taratibu, ulimi nje, na yeye ananitazama juu ya miwani yake.

Alitunga kwa penseli, na alipokosea hakutumia kifutio. Alichukua kipande cha mkate, akatoa nyama yake ya ndani, akaifinyanga iwe kidonge, akafuta nayo. Baba yake alikuwa mwoka mikate katika mji mmoja wa pwani kaskazini mwa Uingereza, mji wa mvua na upepo, na ndivyo alivyofundishwa kufuta hesabu za duka. Vidonge vile vilivyochafuka kwa penseli vilijaa sakafuni, na sisimizi wa Muaither walineemeka kwa muziki wa Kiingereza.

Nilikuwa namuuliza maisha yake naye alikuwa ananisimulia, akipigapiga nota moja moja huku anaongea. Alisomea muziki London akapata tuzo. Aliandika simfoni ikapigwa mara moja, usiku wa mvua kubwa, ukumbi ukiwa nusu. Alitunga muziki wa filamu kuhusu nyuki na wa tangazo la jibini. Kisha akaanza kufundisha nchi za watu: Malta, Kenya, Saiprasi, na sasa hapa. "Simfoni yangu ilipigwa mara moja tu," alipenda kusema, na mimi nilielewa kwamba ilikuwa kitu cha thamani mno, kitu kinachotumika mara moja tu, mithili ya shela la bibi harusi. Nilidhani kajificha Muaither kwa sababu kwao watu wanamsumbua. Nilikuwa namwonea huruma kwa umaarufu wake. Mtu mzima yeyote angesikia mle kushindwa tu, lakini mtoto husikia anachotaka.

Siku moja nilimaliza kujaza bakuli, nikajifuta mikono kwenye sare ya shule, naye akaniita nisimame karibu. Akapiga wimbo. Ulikuwa wimbo mwepesi, unapanda kidogo, unasita, unashuka kwa njia ambayo hukuitegemea, na ulipofika pale pa kusita nilishika ukingo wa piano. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, yakimhusu msichana anayebeba maji kuipelekea bustani iliyolala. Akaniimbia yote kwa sauti yake mbovu ya kizee.

"Unajua huyu msichana ni nani?" akauliza.

Nikatikisa kichwa, ingawa nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Huu nimeutunga nikikutazama wewe," akasema, na kwa kile Kiswahili chake kidogo cha zamani akaongeza, "Wimbo wako, Neema. Wako kabisa."

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba hata mlango haunitoshi. Nilimwambia Mama kwa kunong'ona, Baba akikoroma upande wa pili wa ukuta. Mama alikuwa anakata sukuma wiki. Kisu kilisimama. Akauliza wimbo wenyewe unaendaje, nikamwimbia polepole sana, na yeye akageuka akafungua bomba akaosha mboga ambazo alikuwa ameshaziosha. Akasema, "Ni mzuri." Nikaona ameguswa kwa sababu mtoto wake ametungiwa wimbo, na nikajivuna zaidi.

Darasani nilitangaza mpaka wakanichoka. Sherin, msichana wa Kerala, India, aliyekaa dawati moja nami, hakuamini hata kidogo. Alisema watu wanaotungiwa nyimbo ni malkia na wachumba. Nikamwambia atajionea, kwa sababu Bwana Tolland alikuwa ameahidi kwamba nitauimba mbele ya watu wote, siku ya sherehe ya Waafrika kwenye ukumbi wa kanisa. Familia yake Sherin ilisali pale pale, zamu ya kabla yetu, kwa hiyo hangekuwa na kisingizio. Mpaka leo sijui kama nimewahi kutaka kitu kingine kwa nguvu zile. Nyumbani nilikuwa mtoto wa kunyamazishwa, shuleni nilikuwa mmoja wa watoto arobaini wanaosukumana kwenye foleni ya maji. Katika wimbo ule peke yake nilikuwa mtu.

Tulifanya mazoezi wiki nyingi. Alinifundisha beti mbili, mahali pa kuvuta pumzi, na namna ya kusimama. Nilikuwa naimba kila mchana, na dirisha la jikoni letu lilitazamana na chumba chake, kwa hiyo Mama akiwa na siku ya mapumziko alisikia kila nota. Usiku wa kuamkia sherehe alinisuka nywele kwa utulivu wa ajabu, akatoa gauni lake la kijani ambalo hulivaa kwenye arusi tu, akalipiga pasi mara mbili.

Ukumbi ulijaa. Wauguzi wa Kikenya walikaa nyuma kwa makundi, wengine bado na viatu vyao vyeupe vya kazini, wakipitishiana mandazi. Mama alikaa safu ya mbele. Sherin alikaa pembeni na mama yake, mikono kifuani. Bwana Tolland akasimama kando ya piano akasema kwamba leo tutasikia kitu ambacho hakijawahi kusikika popote, wimbo mpya kabisa, uliozaliwa hapa hapa Doha, aliomtungia binti huyu mdogo. Akataja jina langu. Watu wakapiga makofi, nami nikaanza.

Nilipomaliza mstari wa kwanza nikaona wauguzi wa nyuma wanaangaliana. Mstari wa pili, mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha Auntie Rhoda, rafiki ya Mama wa tangu zamani, mwanamke mnene mwenye sauti nene zaidi, akaingia na sauti ya pili. Hakubahatisha. Aliingia mahali penyewe, kwa maneno yenyewe. Wa pembeni yake akafuata, na wa tatu, na kufumba na kufumbua nusu ya ukumbi ilikuwa inaimba kwa sauti tatu, wanayumba pamoja kushoto na kulia, mikono mgongoni, namna wasichana wa shule za Kenya wanavyosimama mbele ya majaji.

Niliwaza nini? Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani Bwana Tolland amewafundisha kwa siri ili anishangaze. Niliimba kwa nguvu zaidi, nikitabasamu, nikimtafuta Sherin kwa macho. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, nikafunga mdomo nikajiandaa kuinama kama nilivyofundishwa. Lakini wao hawakunyamaza. Wakaingia ubeti wa tatu.

Sikujua kwamba kuna ubeti wa tatu. Nilisimama mbele ya watu wote na mdomo umefungwa, nimevaa soksi nyeupe, nikisikiliza wanawake wazima wakiumalizia wimbo wangu. Nikamgeukia Bwana Tolland aniokoe. Alikuwa amevua miwani. Uso ulikuwa umelowa, na alikuwa anapiga piano kama ambavyo hakuwahi kupiga nilipoimba mimi. Walipomaliza alisimama akainama. Akawainamia wao.

Auntie Rhoda alikuja mbio akanikumbatia. "Ai, Neema! Si hii ilikuwa set piece yetu ya form two! Kenya nzima tuliiimba. Sisi tulifika nayo mkoa, woi, na tulilia vile tulishindwa!" Wimbo wa lazima. Kwa wasiojua, kwetu mashindano ya muziki ya shule huwa na wimbo mmoja ambao kila shule inaupokea na kuukariri mpaka mtu anauimba usingizini. Bwana Tolland aliwahi kufundisha muziki katika shule ya bweni ya wasichana kule, na wimbo wake ukachaguliwa. Alikuwa amesahau, au alidhani haitajalisha, kwamba wasichana wa form two huwa wanakua. Wanasomea uuguzi. Wanakuja Doha.

"Na hata muulize mama yako," Auntie Rhoda akaendelea huku anacheka na kujipangusa macho. "Shule yetu ni yeye alikuwa anabeba solo!"

Nikamtazama Mama. Alikuwa bado amekaa, amenyooka, mikono juu ya mapaja ya lile gauni la kijani, na alikuwa anamtazama Bwana Tolland, hanitazami mimi.

Sherin alinisubiri kwenye basi la shule. Hakunicheka, na ingekuwa afadhali angenicheka. Alisema tu, "Wimbo wako ni mzuri. Kila mtu anaujua." Kisha akanisogezea biskuti.

Siku mbili tatu sikwenda ng'ambo ya ua. Nilikaa ngazini na vitabu vyangu nikaungua na jua kwa kiburi. Halafu nikaenda, kwa sababu nilikuwa bado na matumaini ya kijinga kwamba kuna maelezo. Bwana Tolland alikuwa mchangamfu ajabu. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukaa ndani ya ukumbi ambamo watu wanaujua muziki wake kwa moyo. Alitaka tufurahi pamoja.

"Ulisema ni wangu," nikamwambia.

"Ni wako."

"Ulisema ulikuwa unanitazama mimi."

Alifinyanga mkate kati ya vidole vyake ingawa hapakuwa na kitu cha kufuta. "Neema," akasema, "wimbo mzuri nimeupata mmoja tu. Mingine nimeitengeneza. Huo mmoja ulikuja wenyewe, na mtu mwenye kimoja tu hutoa kilekile."

Leo, nikiwa mtu mzima, naona alichosema ni cha kusikitisha. Siku ile niliona mwizi anayeeleza namna alivyopenda kitu alichoiba. Hakuomba radhi. Alionyesha bakuli kwa kidevu, kwamba maji yamepungua. Nikatoka nikaenda zangu, na sikuingia tena chumba kile. Mwaka uliofuata mkataba wake uliisha akarudi kwao.

Kuhusu Mama, nilimuuliza jioni ile ile ya sherehe, jikoni. "Ulijua?" Akasema, "Nilijua." Nikauliza kwa nini hakuniambia, akasema mimi ni mtoto na nikalale. Kwa muda mrefu nilimpa sababu nzuri mimi mwenyewe: hakutaka kuniharibia furaha; alihitaji mahali pa kuniacha mchana. Hizo ndizo sababu ambazo mtu humpa mama yake. Hasira yote nilimwekea yule mzee, na hasira hiyo ilinitosha mpaka nikamaliza shule, nikasomea famasi Nairobi, nikarudi Doha kufanya kazi.

Mwezi uliopita Auntie Rhoda, ambaye bado yuko hapa na bado anaongoza kwaya, alinipigia. Bwana Tolland amefariki huko kwao, mzee sana. Kwaya imeamua kumkumbuka Ijumaa, na kwa kuwa mimi ndiye binti wa ule wimbo, wangependa niuimbe. Nikasema nitafikiria. Nikampigia Mama, ambaye amestaafu na yuko Nakuru na kuku wake, kumpa habari. Nilitegemea aseme pole, apumzike kwa amani, basi.

Akasema, "Hata mimi aliniambia hivyo hivyo."

"Alikuambia nini?"

"Nilikuwa namwagilia maua yake, pale kwa nyumba za walimu. Akaniita kwa dirisha. Akasema, 'Salome, huu nimeutunga nikikuangalia wewe.' Nilikuwa form two, Neema. Kwetu tulikuwa watoto tisa. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia kitu kama hiyo."

Nikakaa chini. Yeye akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyekaa na maneno kwa miaka. Alimtambua mara tu alipomsikia akipiga piano kanisani; Auntie Rhoda hakuweza, maana alihamia shule yao mwalimu ameshaondoka. Ndiyo maana tulihama. Siku tuliyohamia alimpelekea chapati, akasimama pale mlangoni akangoja. Bwana Tolland akasema asante sana, mama, na akamuuliza jina lake. Akamwambia. Akasema ni jina zuri.

"Sasa mbona ukanipeleka kwake?"

"Ulikuwa umetoka vile nilikuwa. Sura, hata sauti. Nikafikiria akikuona wewe atanikumbuka."

"Na ulijua ananidanganya."

"Nilijua wimbo. Nilikuwa nausikia kwa dirisha kila nikiwa off. Nikasema acha, siku yenyewe, mbele ya watu, lazima ataeleza ulianza na nani. Nikavaa. Nikakaa pale mbele." Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akifunga lango. "Halafu akasema jina yako. Nikuambie ukweli? Hapo nilikuchukia. Ilikuwa dakika tu, lakini nilikuchukia."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekiri kwamba aliwahi kuvuta sigara. Mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Miaka yote hii nilijua nani ameniuza. Kumbe nilimjua mmoja tu, na yule mwingine ndiye aliyenisuka nywele. Alijua nitasimama pale na beti mbili. Aliniacha nisimame, kwa sababu alikuwa anangoja zamu yake.

Nilitaka kumwambia hayo. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini yeye alikuwa na lake.

"Hiyo ya Ijumaa," akasema, na ghafla sauti yake ikawa ya kisichana kabisa, "nikatie tiketi nikuje. Mwambie Rhoda nitaimba mimi. Si unajua ni wangu?"

Nikamwambia ndege zote za wiki hii zimejaa, watu wanarudi kutoka likizo. Sikuwa hata nimeangalia. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, Mama, pole.

Ijumaa Auntie Rhoda alinisimamisha mbele ya watu akawaambia huyu ndiye aliyetungiwa wimbo. Nikakohoa kidogo, nikaanza.